Pampu Iliyouliza Mara Moja

Bagamoyo,
Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.

Mwanangu Salha,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua ukiiona karatasi hii utacheka kwanza, na mtu akicheka husahau adabu. Leo nimeazimia kukuambia kila kilichomo moyoni mwangu bila kuruka hata kimoja, pamoja na vile vitakavyokupa cha kunitania mpaka uzeeni.

Najua ni kichekesho mwanafunzi wa kidato cha sita kumwandikia mtu aliyemtangulia duniani na kumwita mwanangu. Lakini mama yako ni dada yangu, tumbo moja, na mdogo wa mama ni mama, hata akizaliwa baada ya mtoto wake. Sheria hii sikuitunga mimi. Unamkumbuka yule mwalimu mgeni aliyekukuta umechelewa mstarini, akakuambia ukamlete mzazi? Ukanileta mimi, nimevaa sare, nina madaftari kifuani.

"Nimesema mzazi," akasema.

"Huyu ni mama yangu mdogo, mwalimu."

Akanitazama kutoka juu mpaka viatuni. "Udogo nimeuona. Umama ndio sijauona."

Nami nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba nimepokea malalamiko yake na nitazungumza na mtoto nyumbani. Sote wawili tulifagia uwanja, lakini tangu siku ile nimejihesabu kuwa mzazi mwenye uzoefu. Basi nisome kama mzazi.

Mambo ya ndoo, kufuli, shuka na chandarua sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema, na nasikia ameyasema mpaka majirani wote wa Zinga wanajua rangi ya shuka zako. Kilichonikalisha chini ni jambo jingine. Mjomba wako Hamza alipokuja Jumatano kutoka kwenu alisema, huku anatafuna muhogo, kwamba ukifika Dodoma, Jumatatu utakapokwenda kujiandikisha chuoni, utaomba ubadilishiwe masomo. Utaacha kompyuta, utashika uhasibu. Alilisema kama habari ya mvua. Mimi chai yangu ilipoa mkononi.

Kama unautaka uhasibu kwa kuupenda, sina neno, nitakuombea dua na nitajivunia mwanangu mhasibu. Lakini nakujua. Wewe ndiye uliyenikalisha mbele ya kompyuta ya klabu ya shule nikiwa naogopa hata kugusa kitufe, ukaniambia mashine haiumi. Wewe ndiye uliyekuwa ukila wali na mkono wa kushoto unaandika programu nyuma ya daftari la jiografia. Mtu kama huyo haachi hivihivi. Unaacha kwa sababu ya ile Ijumaa ya maji. Basi niruhusu nikurudishe pale, kwa kuwa tangu uhamie Zinga nimejua kitu ambacho wewe bado hukijui. Nitasimulia kama vile hukuwepo, maana kwa kweli hatukuwepo, si wewe si mimi. Tuliona maji tu. Kilichotokea hatukukiona.

Ilianza na lile tangi la madrasa, lililo juu ya nguzo, linalotoa maji ya kutawadhia. Pampu ilikuwa ikiwashwa, na mtu anatakiwa asimame atazame mpaka tangi lijae, ndipo azime. Anayetazama huitwa na mwenzake, akienda huzungumza, akizungumza husahau, na maji humwagika uani. Bibi yako, ambaye ndiye msimamizi wa upande wa wanawake, alisema siku moja tukiwa tunachambua mchele, wala hakutuangalia: "Nyumba hii ina wasichana wanaosoma kompyuta, na maji yanamwagika kama nyumba haina watu."

Hakusema zaidi. Wewe ulilichukua neno lile kama mtu aliyepewa amana.

Tukaazima kile kibao cha klabu, kompyuta nzima isiyozidi kiberiti. Ukagawa kazi mbili za kwenda pamoja. Kazi ya pampu: washa, subiri tangi lijae, zima. Kazi ya boya: boya likiinuliwa na maji, toa habari papo hapo, hata kama kazi ya pampu iko katikati ya shughuli zake. Na kati ya kazi hizi mbili ukaweka kisanduku, yaani nafasi moja ndogo katika kumbukumbu ya mashine. Kikiwa na sifuri, tangi bado. Boya likiinuka, kazi ya boya itie moja. Kazi ya pampu inazunguka ikitazama kisanduku: bado? bado? bado? Ikikuta moja, inazima. Tulijaribu kwa ndoo pale klabuni, tena na tena, na kila mara ilizima. Mwalimu Mrisho, mlezi wetu wa klabu, alisema maandishi yako yalikuwa safi kama chumba cha bi harusi.

Halafu tukataka kengele. Nasema tukataka, lakini ni mimi niliyetaka. Nilitaka tangi likijaa pawe na mlio, ili watu wajue kazi imefanywa na wasichana wa nyumba gani. Kengele ikaongezwa kwenye kazi ya boya, na programu ikawa kubwa kuliko kibao. Haiingii. Nikakuambia, "Si umwambie kompaila aibane?"

Kompaila, kwa ajili ya mama yako atakayetaka kusoma barua hii juu ya bega lako, ni programu inayochukua maandishi yetu na kuyafasiri yawe maagizo ya mashine. Ni mfasiri. Unaweza kumwambia afasiri neno kwa neno, na unaweza kumwambia afasiri kwa kubana: atoe anachokiona cha ziada, apange upya, ili maagizo yawe machache na yaende mbio. Ukamwambia abane. Programu ikaingia, ikabaki na nafasi. Tukaijaribu kengele, ikalia vizuri sana. Ndoo hatukuirudia. Kwa nini turudie? Kazi ya pampu hatukuigusa hata herufi. Alhamisi mjomba wako akafunga nyaya, kibao kikatundikwa ukutani, bibi yako akakitazama akasema "Haya," ambayo kwake ni hotuba.

Ijumaa pampu ikawashwa kabla watu hawajaanza kuja. Tangi likajaa. Kengele ikalia, na waliokaa karibu wakadhani ni simu ya mtu, wakamkunjia uso kijana mmoja aliyekuwa hana hatia wala simu. Pampu ikaendelea. Maji yakajaa uani, yakapita chini ya mlango wa wanawake, yakaingia chini ya mikeka, na mikeka ile ni ya ukili, bibi yako na wenzake waliisuka kwa mikono yao, wakaitia rangi wenyewe. Hamza ndiye aliyekwenda kuchomoa waya.

Picha niliyobaki nayo ni wewe umesimama ndani ya maji umeinua baibui, na watoto wa madrasa wanapita wakiuliza, "Nuhu, safina iko wapi?" Nilicheka, Salha. Nakuomba radhi, lakini nilicheka, kwa sababu mmoja alikuwa amekwisha kuvua viatu na kuvielekeza mkondoni kama mashua. Wewe hukucheka. Bibi yako alikuwa ameshika mkeka, unachuruzika.

"Nani alisema kitu hiki kitazima chenyewe?"

"Mimi, bibi."

"Kimezima?"

"Hakikuzima, bibi."

"Mambo ya mashine waachieni wenye mashine."

Ukauliza kwa sauti ndogo, "Basi niyaache, bibi?"

"Yaache."

Ukayaacha. Siku hiyohiyo ulirudisha daftari la klabu. Na hukumuuliza tena, kwa sababu katika nyumba hii mkubwa haulizwi jambo moja mara mbili. Kumuuliza tena ni kumwambia jibu lake la kwanza halikutosha. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi silalamiki, nina makovu yangu. Mwaka ule klabu ilipokwenda Mbegani kuwaona wanaosomea uvuvi na mitambo ya meli, nilimwomba mama ruhusa, akasema, "Tutaona." Nikakaa na hiyo tutaona kwa adabu zangu zote. Siku ya safari nikavaa nguo za nyumbani nikafua. Mama akatoka jikoni na bahasha ya maandazi, akashangaa. "Mbona hukwenda? Nimekukaangia na maandazi." Nikala maandazi ya safari nikiwa kwenye beseni la nguo. Yalikuwa matamu, na kila moja lilinikaba.

Sasa nikuambie nilichokifanya ulipoondoka.

Kwanza nilikosea, na nilikosea kwa muda mrefu na kwa kujiamini. Nilimlaumu mjomba wako. Nilisema nyaya amezifunga ovyo. Akanuna, akawa ananipita barabarani na bodaboda yake kama hanijui, na mimi natembea juani na mkoba. Halafu nikalaumu boya, nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua. Siku nzima ya Jumapili ilikwenda hivyo, na kumbe kengele ilikuwa imelia. Kengele ikilia, boya limefanya kazi, na kisanduku kimetiwa moja. Ushahidi nilikuwa nao masikioni, nikaupita nikaenda kutafuta mkosaji ninayempenda. Hilo nakupa bure, mwanangu: mashine ikikosea, anza na ulichokisikia, kisha ndiyo uende kwa mtu uliyekwisha kumkasirikia.

Nikachukua ndoo na kibao, nikakaa kibarazani pa klabu. Badala ya pampu nikaweka taa. Nikajaza maji, boya likainuka, kengele ikalia, taa haikuzimika. Nikafurahi kama niliyeokota pete. Ugonjwa unaoonekana mezani ni nusu ya dawa. Nikasema, ngoja niichungulie kazi ya pampu inafanya nini ndani ya ule mzunguko wake. Nikaongeza agizo dogo: kila ukizunguka, konyeza kitaa cha pili, yaani kiwashe na kukizima. Nikajaza ndoo. Ikazima.

Nikakimbia kwa Mwalimu Mrisho. "Mwalimu, nimeiponya."

"Umefanya nini?"

"Nimeweka kitaa cha kunionyesha, ikapona."

"Kitoe basi, tuone dawa ni ipi."

Nikakitoa. Taa haikuzimika, ndoo ikamwagikia viatu vya mwalimu. Akainua mguu mmoja, akauinua wa pili, akasema, "Mwanahawa, hii si dawa. Huyu ni mtoto anayekaa vizuri mgeni akiwa sebuleni."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Sijui. Na sitaki kukudanganya. Mwambie kompaila atuonyeshe alichofasiri."

Sikujua kwamba inawezekana. Inawezekana. Unamwomba, naye anakutolea yale maagizo ya mashine, mstari kwa mstari, na ukiwa na subira unaweza kuyasoma. Tuliyasoma mchana kutwa, mwalimu hana viatu. Neno kwa neno, bila kubana, ilikuwa hivi: fungua kisanduku, tazama, ni sifuri? rudi, fungua kisanduku tena, tazama. Kama ulivyoandika. Kwa kubana, ilikuwa hivi: fungua kisanduku mara moja, chukua kilichomo, kitie mfukoni. Ni sifuri? Basi zunguka. Zunguka. Zunguka. Haikurudi kisandukuni tena. Boya lilikuja likatia moja, kwa uaminifu kabisa, na pampu ilikuwa inatazama sifuri ya tangu asubuhi, iliyomo mfukoni mwake.

Nilifuata mistari ile tena kwa kidole. Mwalimu naye. Halafu nikasema, "Kompaila ametudanganya."

"Hapana," akasema. "Soma kazi ya pampu peke yake, jifanye hujui kama kuna boya. Nionyeshe mahali panapobadilisha kisanduku."

Nikasoma. Hakuna. Kazi ya pampu inakitazama tu kisanduku, haikigusi. Basi fikiri wewe ndiye mfasiri. Umeambiwa ubane. Unaona mtu anafungua kisanduku kilekile mara elfu, na katika kazi hiyo hakuna mkono unaotia kitu humo. Utasema, mbona huyu anajisumbua, jibu si analo tayari? Utamtolea usumbufu. Utakuwa umemfanyia hisani. Kompaila anaapa kuhifadhi maana ya kazi moja ikienda peke yake, kuanzia juu mpaka chini. Kwamba kuna kazi nyingine inayoingia kati na kubadilisha vitu, hilo hawezi kulijua kama hatukumwambia. Na kile kitaa changu? Kukonyeza kitaa kulikuwa kuita kazi ya nje ambayo yeye haoni ndani yake. Akaogopa: labda huko nje ndiko kisanduku kinakoguswa, heri nirudi nikitazame tena. Ndiyo maana ilipona nilipoichungulia.

Dawa yenyewe ni neno moja, Salha. Neno moja, linaandikwa mbele ya jina la kisanduku siku unapokitangaza, na maana yake ni: hiki hubadilishwa na wengine, kila ukikihitaji nenda ukakitazame chenyewe. Nikaliandika. Nikabana. Nikajaza ndoo. Ikazima, kila mara. Mwalimu akavaa viatu.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, hapa ndipo nilipotaka kufika. Kila neno uliloandika lilikuwa sahihi. Mtu yeyote akiyasoma maandishi yako leo atasema pampu itazima. Lilipungua neno ambalo hakuna aliyetuambia kwamba lipo, na lilipungua kwa sababu wewe na mimi tulikuwa tunajua habari ya boya kiasi kwamba hatukuona haja ya kulitaja. Huko si kutoweza. Ni namna ya kosa inayowapata watu waliofika mbali kidogo, na asiyeanza safari halimpati.

Wala usidhani yamekwisha. Mwalimu ameniambia, na ananiambia kwa macho ya furaha kama mtu anayesimulia sikukuu, kwamba kuna jambo jingine, nalo ni mpangilio. Fikiri sinia la futari. Unapakua, unafunika, halafu unapeleka na kupiga hodi kwa jirani. Kompaila anaangalia kazi yako peke yake, anaona kupakua ni kitu kimoja na kupiga hodi ni kitu kingine, hakuna kinachomzuia kubadilisha zamu. Akikupigia hodi kwanza na kupakua baadaye, kwako wewe mpishi ni sawa tu, mwisho wa siku vyote vimefanyika. Lakini jirani amekwisha kufungua mlango, amepokea sinia tupu, na adhana inalia. Katika mashine kubwa zenye vichwa vingi vinavyofanya kazi pamoja, hata mashine yenyewe hubadilisha zamu hizo, na lile neno langu moja halitoshi hata kidogo. Kuna kufuli, kuna maagizo ya kumwambia kila mmoja, "Mpaka hapa, kilichotangulia kionekane kwanza." Nimemwuliza hufundishwa wapi hayo. Akasema hufundishwa huko unakokwenda.

Sikulala vizuri kwa wivu, nakwambia ukweli.

Basi juzi Alhamisi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Mama, yaani bibi yako, alikuwa chumbani anasuka ukili. Nikasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu. Una nini?"

"Lile jambo la Salha na mashine."

"Lilikwisha."

"Siku ile aliuliza Salha. Leo nauliza mimi."

Mikono ikasimama. "Na nani amekufundisha kuuliza lililojibiwa?"

Nilikuwa nimejitayarisha. "Wewe, mama. Tukienda kwa watu ulitufundisha hodi ni mara tatu. Hukusema ya pili ni matusi."

"Ule mlango. Mlango si mtu."

"Nyuma ya mlango kuna mtu, mama. Huenda ya kwanza alikuwa anaoga."

Akacheka kwa pua, akasogeza miguu nipate pa kukaa. Nikamweleza yote niliyokuandikia hapa, boya, kisanduku, mfuko. Alisikiliza huku anasuka, hakunikatiza. Mwisho akasema, "Kwa hiyo kile kitu kilitazama mara moja, kikakuta tangi tupu, kikaenda na neno hilo mpaka mikeka yangu ikaelea."

"Ndiyo, mama."

"Kimelelewa vizuri mno." Akasuka kidogo. "Na aliyekiandika ni huyu mjukuu wangu."

"Kila neno lake lilikuwa sahihi."

"Na yeye ameliweka wapi lile neno langu la siku ile?"

Nikamwambia: mfukoni. Nikamwambia kwamba unataka kubadilisha masomo. Hakuwa na habari. Alijua unakwenda Dodoma kusoma kompyuta, na alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu mtaani, hata wasiouliza.

Aliweka ukili chini. "Mtoto amemwuliza mtu aliyeshika mkeka unaochuruzika. Alitegemea jibu gani? Siku ile hata angeniuliza kama jua lichomoze, ningemwambia liache." Kisha akasema, polepole, "Mikeka imekauka siku nyingi."

"Basi nimwambie Salha kwamba..."

"Usimwambie kitu. Sikukutuma. Aliniuliza yeye, nitamjibu yeye. Jumapili asubuhi nakwenda Zinga kumuaga. Mdomo anao."

Sasa unajua yote ninayoyajua. Alinikataza kukupelekea jibu lake, nami sikupelekei, kwa kuwa hakunipa. Ninachokupa ni kwamba kisanduku si kile ulichokitazama siku ya maji. Kilichomo sasa sijakiona kwa macho yangu. Nadhani nakijua. Lakini kudhani ndiko kulikotuletea gharika, na mimi sitaki uende Dodoma na dhana yangu mfukoni badala ya ile ya kwako. Kama atasema bado uache, basi utakuwa umeacha kwa neno la leo. Kama atasema vingine, utajiandikisha Jumatatu kwa kompyuta ileile.

Mimi ninayekushauri haya nilikula maandazi ya Mbegani kwenye beseni, kwa hiyo nazungumza kwa ujuzi. Nimeanza kufikiri kwamba wakubwa wetu hawapendi kuulizwa mara mbili kwa sababu wanatuamini tutajua wenyewe wakati hali imebadilika. Na sisi hatujui. Tumekaa tunazunguka na majibu ya zamani, tunadhani ndiyo heshima. Labda heshima kubwa zaidi ni kumchukulia mtu kuwa yu hai, kwamba leo anaweza kuwa na neno ambalo jana hakuwa nalo. Nalisema hili taratibu, maana sina hakika, na bado nina mtihani wa mwisho mbele yangu. Mwakani nikijaliwa kufaulu nataka kuja hukohuko, tukae tena meza moja, unifundishe habari ya zile kufuli. Lakini usichague kwa ajili yangu. Mama mzuri hamwekei mtoto wake mzigo juu ya begi.

Kibao kiko ukutani. Hakijaunganishwa na pampu, kinasubiri ruhusa. Mikeka ipo, ile ya rangi nyekundu imefifia kidogo pembeni, na bibi yako anadai sasa ni mizuri zaidi.

Hamza yuko nje, amefunga begi lako la vitabu nyuma ya bodaboda na ananiita kwa honi. Tumepatana. Amekubali kunisamehe habari ya nyaya, na kwa kutilia muhuri amekubali kukaa kwenu barazani mpaka umjibu, harudi mikono mitupu. Sitaki barua ndefu, andika hata nyuma ya karatasi hii. Mimi mama yako mdogo, Mwanahawa, niliyekulea kwa mbali na kwa kuchelewa, nataka kujua jambo moja kabla jua halijazama: kesho asubuhi, bibi yako akishakaa na kikombe chake cha chai, utamuuliza tena?